Mjadala: Tibet ya kabla ya 1959 ilikuwa na utwana au la?

Hoja: Tangu 2009, China huadhimisha Machi 28, siku ilipoivunja serikali ya Tibet mwaka 1959, kama siku ya kukombolewa watwana wa Tibet, yaani wakulima waliofungwa kwa bwana mwenye ardhi. Wapinzani wake husema wale walikuwa wapangaji tu wa mashamba. Ukweli uko wapi?

SALIM: Tuanzie shambani. Ardhi ilimilikiwa na serikali ya Lhasa, monasteri na makabaila. Kaya ya trepa, yaani mkulima mlipa kodi, ilirithi shamba lake, na bwana hakuweza kuinyang'anya maadamu ilitimiza wajibu. Mzigo ulikuwa kwenye wajibu huo: kutoa watu wa kulima shamba la bwana bila ujira, na kutoa farasi na wanyama wa mizigo kwa kila msafiri mwenye kibali cha serikali, hadi kituo kinachofuata, mwendo wa nusu siku. Msafara ukija wakati wa mavuno, shayiri ya kaya husubiri. Ndiyo maana ndugu wa kaya hizi walioa mke mmoja kwa pamoja: shamba lisigawanyike, na mikono ya shokoa, ile kazi ya lazima, isipungue. Mtoto naye tangu kuzaliwa alikuwa tayari ana bwana, wa kiume akimfuata bwana wa baba, wa kike bwana wa mama. Mpangaji gani huyo?

NEEMA: Kaka Salim, umewaacha dujung, kaya ndogo za chini ya trepa. Hawakuwa na mashamba makubwa ya kurithi, ila kwa mpango wa mibo waliweza kumlipa bwana ada kila mwaka wakaenda kuishi na kufanya kazi kwingine. Wafugaji wa Amdo, eneo la Watibet la kaskazini mashariki, hawakutawaliwa na Lhasa kabisa. Dai la Beijing kwamba asilimia 95 ya Watibet walikuwa watwana linamweka trepa mwenye watumishi wake kundi moja na ombaomba. Hata zile habari za watu kupofushwa, zinazotajwa kama ukatili kwa watwana, zinachanganywa: Lungshar, aliyeng'olewa macho mwaka 1934, alikuwa kabaila na ofisa mkubwa, na chanzo kilikuwa vita vya madaraka.

SALIM: Kuhusu Lungshar uko sahihi. Lakini ada ya mibo, dada, inaniunga mkono mimi: mtu yuko mbali na shamba, halimi hata tuta moja la bwana, na bado anajilipia mwenyewe. Na habari hizi hazikutoka Beijing. Mwanaanthropolojia Mmarekani Melvyn Goldstein alizikusanya miaka ya 1960 kwa wakimbizi wa Kitibet waliokuwa India, watu walioikimbia China.

MZEE KOMBO: Wanangu, mimi nakubali utwana ulikuwepo, na kuukanusha ni kuwadhulumu wakulima wale. Ila mkataba wa 1951 kati ya China na Tibet, kifungu cha 11, uliahidi kwamba mageuzi hayatalazimishwa. Huko Kham, eneo la Watibet la mashariki, yalilazimishwa mapema, na kufikia 1956 watu walikuwa wameshika silaha. Baada ya 1959 wakulima wa Tibet waligawiwa ardhi, kisha katikati ya miaka ya 1960 zikaja komuni, mashamba ya pamoja chini ya serikali. Salim mwanangu, kipimo chako ni mtu kutokuwa huru kuondoka kwa bwana wake. Mkulima wa komuni, asiyeweza kuhama bila ruhusa, unampimaje?