Kamati za ujenzi zifundishwe kupanga kazi kabla fedha hazijaingia akaunti?

Wakuu, naleta hoja kutoka Moshi Vijijini. Madarasa mengi sasa yanajengwa kwa fosi akaunti: fedha zinaingia akaunti ya shule, kamati inanunua vifaa na kupatana na fundi, mkandarasi hayupo. Fedha za UVIKO za 2021 zilikuwa za madarasa 15,000 nchini, milioni 20 kila moja. Msimamo wangu: kamati isipewe hata senti kabla haijakaa siku tatu kufundishwa kupanga kazi na kuifuatilia.

Nilikuwa katibu wa kamati kama hiyo. Madarasa mawili, milioni 40. Tulinunua saruji yote kwa mkupuo kwa sababu bei ilikuwa nzuri, tukaipanga stoo, sakafuni. Fundi akachimba msingi, kokoto hazijaja. Masika ikatukuta mitaro iko wazi, na barabara ya huku mlimani lori halipandi. Siku moja nikagonga mfuko kwa ufunguo, ukalia kama jiwe. Safu nzima ya chini tuliitupa. Tulipopiga hesabu, zaidi ya nusu ya fedha imekwenda na jengo halijatoka kwenye msingi. Hakuna aliyeiba, stakabadhi zote zipo. Kijijini nani ataamini?

Mambo yenyewe si mengi. Orodhesha kazi zote, ipi inaitangulia ipi, kila moja siku ngapi. Chora kwenye manila: kazi zishuke chini, wiki ziende kulia, kila kazi na mstari wake. Ndiyo chati ya Gantt, kwa jina la Mmarekani Henry Gantt aliyeieneza mwanzoni mwa karne iliyopita. Hapo unaona kazi zipi zikichelewa jengo zima linachelewa, na zipi zinaweza kusubiri. Zege la lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, linamwagiliwa maji siku saba. Basi mbao za kenchi za paa ziagizwe siku hizo hizo. Kisha kila Ijumaa maswali mawili, yaulizwe pamoja: tumetumia ngapi, na kazi imefika wapi? Sisi tulikuwa tunauliza la kwanza tu.

*

Pole dada katibu, lakini napinga. Wajumbe ni wakulima wa kahawa na migomba, wamechaguliwa mkutanoni, hawalipwi. Mhandisi wa halmashauri ana mshahara, kupanga ni kazi yake. Leo mnamfundisha mjumbe siku tatu, kesho ukuta ukipasuka mtamwambia "si ulifundishwa?" Turudishe makandarasi waliosajiliwa, akiharibu kuna mkataba wa kumbana.

*

Mimi ni fundi, Ngaramtoni. Mpango mzuri nimeuona umebandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Awamu ya pili ya fedha ikachelewa, vijana wangu wakahamia saiti nyingine. Mpango gani unazuia hilo?

*

Kaka, kwenye lawama umenigusa. Mafunzo yasigeuke mtego wa kumtwisha mjumbe kosa la mhandisi, na hilo liandikwe kabisa. Ila mhandisi wetu tulimwona mara mbili, ana miradi kata nyingi. Kati ya ziara na ziara, nani anajua kama tumechelewa? Mkandarasi naye atataka mtu wa kumsimamia, na atakayekuwepo pale kila siku ni sisi.

Hao wakulima unaowahurumia, watazame kwenye kamati ya harusi hapa Moshi Desemba. Kila kikao ahadi zinasomwa, nani kalipa, bado ngapi, hema limelipiwa, mpishi kapewa chake. Kupanga wanajua, na kubanana wanajua. Hiyo akili haijahamishiwa kwenye nondo na saruji, basi.

Fundi, ndiyo maana nasema tarehe ya fedha iwe mstari wa kwanza kwenye manila, juu ya msingi. Ikipita, mwalimu mkuu aikunje ile manila aipeleke halmashauri, awaonyeshe kwa kidole mahali masika ilipo.