Tupeane uzoefu: daftari la bosi wa baa

Binti wa Manyoni: Jana jioni nilimwona dalali akimpokea binti mwenye begi pale stendi ya Nanenane, nikakosa usingizi, kwa sababu nami niliingia Dodoma vivyo hivyo. Niliahidiwa kazi ya kaunta, chumba na mshahara, lakini nilipofika niliambiwa kwamba mhudumu hulipwa na wateja. Kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, gesti ya baa ile ilijaa. Bosi alipokea fedha za vyumba, kisha akachukua na sehemu ya kile nilichopewa na mteja chumbani. Baada ya miezi mitatu nilimwomba hesabu yangu, naye akafungua daftari na kunisomea mbele ya wenzangu: nauli, sare, godoro, chakula, glasi zilizovunjika. Nikawa mimi ndiye ninayedaiwa. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniliza mahali pale. Daftari lile ndilo lililoniliza.

Mama Kizota: Daftari kama hilo nami nilisomewa, Kondoa.

Mwenye Baa: Pole sana, dada. Hata hivyo, msituweke wote kapu moja, kwani nimewahi kuachiwa shoti, yaani upungufu wa fedha za mauzo ya usiku mzima, na mhudumu aliyeondoka alfajiri kwa basi la Singida.

Mama Kizota: Shoti haikupi ruhusa ya kumtuma mtoto wa mwenzio chumbani.

Mwenye Baa: Sijamtuma mtu chumbani, na naomba usinisingizie.

Karani wa Makole: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hasara ikatwe kwa makubaliano ya maandishi, baada ya mfanyakazi kupewa nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Madai yapelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60.

Dada wa Majengo: Asiende huko peke yake. Akiulizwa alikuwa akifanya kazi gani ataogopa kujibu, na bosi anaujua woga huo. Mimi niliondoka usiku, nikasamehe mishahara ya miezi miwili.

Karani wa Makole: Kumlaghai mtu ili atumikishwe kingono ni kosa chini ya sheria ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Mwenye kosa ni aliyemlaghai.

Binti wa Manyoni: Leo nimemfuata yule binti hadi baa aliyopelekwa, nikaagiza soda. Ameniambia kwamba nauli alilipiwa. Nimemnunulia daftari, tumeandika kiasi hicho pamoja na tarehe, na namba yangu ya simu iko ukurasa wa mwisho.