Wasudani walikosea kukaa meza moja na jeshi?

Mtu wa Ujiji: Wakuu, Rais Bashir wa Sudani alitolewa Aprili 2019 baada ya miaka 30, na watu walianza na bei ya mkate tu kule Atbara. Agosti wakasaini kugawana madaraka na jeshi, Oktoba 2021 Burhan, mkuu wa jeshi, akapindua, Aprili 2023 yeye na Hemedti, mkuu wa kikosi cha RSF, wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mi naona kosa ni kusaini. Nyie?

Mwanga Sokoni: Kosa ni kuingia barabarani. Hata Warundi 2015 waliandamana wakaishia kutujazia makambi hapa Kigoma.

Gungu Juu: Kutujazia?? Bibi yangu katokea Makamba, Burundi, we jamaa. Watu walimkatalia rais wao Nkurunziza awamu ya tatu wakapigwa risasi, wakakimbilia kijiji cha Kagunga huku kwetu ziwani, wakalala ufukweni kipindupindu kikawakuta palepale, we unaongea kujaziwa?

Mwanga Sokoni: Punguza hasira ndugu. Kambi ya Nyarugusu ilikuwa na Wakongo toka 96, wakaongezwa hao, kuni tunazifuata mbali sisi sio wewe wa mjini.

Mwisho wa Reli: Hivi meli ya Liemba ndo iliwabeba? Si ilikuwa imesimama?

Gungu Juu: Ilikuwa inatembea, na Kagunga hakuna barabara ungewatoaje? Wakashushwa mjini, wakakaa uwanja wa Lake Tanganyika, ndo mabasi yakawapeleka Nyarugusu. Tuliwaona.

Kasulu Kwetu: Jamani mada ni Sudani. Juni 3, 2019 vijana waliokesha mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum waliuawa, RSF ya Hemedti ikiwa mbele, halafu Agosti huyohuyo anawekwa kwenye baraza la kuongoza nchi. Hapo ndo palipooza.

Mtu wa Ujiji: Ndo nachosema mimi.

Mwisho wa Reli: Mnasema kirahisi. Raia hana bunduki, wangemtoa na nini? Walikubaliana mwanajeshi aongoze baraza miezi 21 kisha raia 18, zamu ya raia inakaribia Burhan akamkamata Hamdok, waziri mkuu wa kiraia. Aliyevunja ahadi mnamwacha mnamshika aliyeamini.

Mwanga Sokoni: Aliyeamini ndo anakimbia sasa hivi. Wako Chad huko wanagombania kuni kama huku.

Gungu Juu: Kuni tena! Mwanga nijibu kitu kimoja usikwepe, hao Warundi wangekaa kimya 2015 leo ungewaheshimu, au ungesema ni waoga wanastahili kutawaliwa vile?