Roadster 1.6 inafungwa turbo: nozeli kubwa, rigaleta ya kupandisha presha au nozeli ya tano?

mpemba_roadster
Wakuu, salaam. Nina Eunos Roadster (ndiyo Mazda MX-5) ya 1991, injini B6 ya 1.6, ile iliyotoka kiwandani na hp 120. Turbo ndogo ninayo, fundi anamalizia kuchomelea manifoldi. Sitafuti makubwa: presha ya turbo bar 0.5, nifike hp 180 hivi, gari la Jumapili asubuhi.

Kinachonikwamisha ni mafuta: turbo inasukuma hewa zaidi, na hewa zaidi inataka petroli zaidi. Mmoja kaniambia niache nozeli zake (injekta zinazopuliza petroli) na kompyuta yake ya injini, nifunge tu rigaleta inayopandisha presha ya mafuta turbo ikianza kuvuma. Wa pili anataka niongeze nozeli ya tano kwenye njia ya hewa, na kiboksi chake. Wa tatu anasema nozeli kubwa nne na kompyuta ya kutyuni, bei yake imenikata maini. Nani amewahi kufunga kwa mkono wake, si kusoma tu?

Dada_Spana
Piga hesabu kwanza, mkuu. Injini ya turbo inakula kama gramu 270 za petroli kwa kila hp kwa saa, maana inamwagiwa kidogo zaidi ili isipate joto kupita kiasi. Hp 180 ni kilo 49 kwa saa, au lita 66, yaani cc 1,100 kwa dakika. Gawa kwa nne: cc 275 kila nozeli. Sasa nozeli haitakiwi kukaa wazi muda wote, mwisho asilimia 80, kwa hiyo unahitaji ya cc 345 angalau. Za kiwandani zinacheza kwenye 210.

Na ona kichekesho: ile pampu ya lita 255 kwa saa ambayo kila mtu anaigombania ni karibu mara nne ya mahitaji yako.

msela_wa_Thika
Mimi nilifunga hiyo rigaleta, gari kama lako. Bei poa, jioni moja kazi imeisha. Lakini presha ya mafuta ikipanda mara mbili, mafuta yanayotoka hayapandi mara mbili, yanapanda mara 1.4 tu. Toka bar 3 mpaka 6, nozeli ya 210 inakupa 295. Na kwenye bar 6 pampu yenyewe inahema, inatoa kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi.

Sikuwa na geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Nikipanda toka Mai Mahiu, gia ya nne, mguu chini, nikasikia kama mtu anatikisa changarawe ndani ya kopo. Nikadhani ni ekzosti imelegea, nikaendelea! Tulipofungua, pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa imekatika katikati ya ringi, na plagi yake nyeupe kama chaki, ina vitone vya alumini: petroli haikutosha.

mpemba_roadster
Pole sana ndugu yangu. Basi nozeli ya tano?

Dada_Spana
Manifoldi ya B6 ilichongwa igawe hewa, haikuchongwa igawe mafuta. Ukimwaga petroli mlangoni, silinda moja inashiba, jirani yake inashinda njaa. Geji ya kwenye ekzosti inasoma mchanganyiko wa zote nne: itakuonyesha 11.8 (hewa mara 11.8 ya petroli kwa uzito) nawe utalala usingizi, kumbe kuna moja iko 13, petroli yake pungufu.

mzee_gereji_Tanga
Vijana msiidharau rigaleta. Miaka ya tisini seti za turbo za gari hili ziliuzwa nayo, na kwa bar 0.3 zilitembea. Ila hakuna aliyekutajia kipima hewa. Cha 1.6 ni cha kibao kinachosukumwa na upepo. Kibao kikifika mwisho, kompyuta haioni tena hewa inayoongezeka, inamwaga mafuta yale yale. Ndiyo maana nakwambia kompyuta ya kutyuni, hata MegaSquirt, iliyo na sensa ya presha. Ukifunga nozeli kubwa ukaiachia kompyuta ya zamani, hata kusimama na injini imewaka itakuwa shida, moshi mweusi tu.

Chukua nozeli za cc 420 hadi 460, usinunue 1,000 kwa sababu jina linapendeza. Pima kwa mita kabla ya kulipa: ohm 12 kwenda juu unafunga moja kwa moja, ohm 2 au 3 zitakuunguzia kompyuta bila rezista.

mtu_wa_Muscat
Nyote mnasema nozeli, mimi niwape ya tankini. Nilibadilisha pampu, nikatumia kipande cha mpira wa kawaida wa petroli kuiunganisha. Mpira ule umetengenezwa mafuta yapite ndani, haukutengenezwa kuzama. Miezi miwili, gari likawa linakata kila nikipita kasi ya 100. Kufungua, mpira umevimba kama utumbo na umepasuka kwenye klipu. Dai mpira wa kuzamishwa, na klipu za kukaza kwa skrubu. Na waya wa pampu wa mwaka 1991 usiuamini, vuta mpya toka betri kupitia relei.

mpemba_roadster
Marejesho. Nimeenda na nozeli za 440, pampu ya 255 na MegaSquirt, turbo nimeiahirisha hadi mwezi ujao kwa sababu mfuko umetoboka. Kifuniko cha pampu nimekifikia kwa nyuma ya viti, kazi ya nusu saa.

Nimepima kama mzee alivyonielekeza kwa simu: mpira wa kurudisha mafuta ndani ya dumu, injini imewaka, saa mkononi, kizima moto pembeni. Kwa waya wa zamani volti kwenye pampu 11.2, dumu likapata lita 3.1 kwa dakika. Kwa relei volti 13.4, lita 3.9. Pampu ni ile ile!

msela_wa_Thika
Na filta ulibadilisha?

mpemba_roadster
Jana. Ya zamani nimeikata kwa msumeno, ndani uji mweusi. Nimeiweka juu ya meza ya fundi aangalie kila akinywa chai.