Wajukuu wa Pasiansi

ALHAMISI

19:02 Kulwa: Wapendwa habari za jioni. Jumamosi mchezo wetu wa kete na hadithi upo, kwa babu, saa 8 mchana. Nikisema saa 8 simaanishi saa 9 na nusu ya Doto. Thibitisheni hapa hapa, msinifuate pembeni.

19:03 Kulwa: Na kabla hatujakaa tumalize suala la mlinzi wa lango. Sirushi kete hata moja halijaisha.

19:31 Kulwa: Tiki za bluu naziona jamani. Watu 9 mmesoma.

19:40 Hamisi jirani: Nipo inshallah. Nikitoka adhuhuri nakuja moja kwa moja.

19:41 Doto: Suala gani tena? Watoto 12 wametoka gerezani wazima. Mhusika wangu Mzee Nuru kafanya kazi yake

19:41 Kulwa: Na mlinzi je?

19:42 Doto: Mlinzi sikumpiga hata kofi. Ningemwachia Shija angemkata kichwa. Ndiyo mlichotaka?

19:44 Shija: Angekatwa akiwa na akili zake

19:44 Hamisi jirani: 😂😂😂

19:46 Neema Nyegezi: Samahani, mimi siku ile sikuwepo. Alimfanyaje?

19:52 Kulwa: Neema, Doto anacheza mchawi mwema. Mwema kabisa, kaandika mwenyewe kwenye karatasi yake, hakuna aliyemlazimisha. Pale langoni akatumia ule uchawi wa kumtawala mtu, wa daraja la 5. Unadumu dakika 1, na lazima aushikilie kwa mawazo yake yote. Mlinzi kafungua lango, kawatoa watoto, kamfungia mkuu wake ndani. Mimi msimulizi nimeamua kwamba muda wote alikuwa anaona mikono yake inafanya nini, ila kuizuia hawezi. Dakika ikaisha, hawa wakatimua mbio. Asubuhi mfalme kauliza nani kafungua.

19:53 Neema Nyegezi: Mungu wangu

19:53 Doto: Alikuwa na nafasi ya kukataa! Alirusha kete ya pande 20 kama mtu yeyote

19:57 Shija: Nafasi ipi? Kigezo chako ni 16. Mlinzi wa kawaida Hekima yake ni 11, nyongeza sifuri. Anakukatalia akipata 16 mpaka 20 tu. Pande 5 kati ya 20. Hiyo unaiita nafasi?

19:58 Doto: Na panga lako linampa nafasi ngapi? Mimi dakika yangu ikiisha mtu anarudi nyumbani kwake. Wewe ukimaliza mtu anarudi kwenye sanduku

19:58 Hamisi jirani: Hapo kasema

20:03 Mama Kulwa: Wanangu, shangazi yenu ametuma gunia la dagaa kutoka Nansio na meli ya Jumamosi. Nani anakwenda bandarini kulipokea? Mvua hizi dagaa zikilowana ndiyo basi.

20:04 Hamisi jirani: Mama mtume Mzee Nuru, amtawale mpagazi alibebe bure 😂

20:04 Doto: Dakika 1 haimfikishi hata Mirongo 🤣

20:05 Neema Nyegezi: Atazinduka katikati ya Kirumba na gunia kichwani "nimefikaje hapa" 😭😭

20:06 Hamisi jirani: Anarudi bandarini kulirudisha

20:09 Mama Kulwa: Nazungumza mambo ya maana.

20:10 Kulwa: Mama tutapanga. Turudi langoni.

20:14 Anko Masanja: Hivi huo mchezo ni nini hasa? Nasikia wafalme, uchawi, kutawala watu. Nyumbani kwa mzee?

20:17 Kulwa: Anko shikamoo. Unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson. Ni kete, penseli na hadithi, hakuna tunguri. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake. Kanuni za msingi ni za bure mtandaoni, nikazichapisha.

20:18 Anko Masanja: Umezichapisha wapi

20:21 Anko Masanja: Kulwa. Wino wa dukani kwangu ulioisha mwezi jana

20:21 Doto: 🏃🏾🏃🏾🏃🏾

20:22 Kulwa: Anko tutaongea. Hamisi, wewe una uchawi wa aina hiyo hiyo, mbona hatukulalamikii? Waeleze.

20:30 Hamisi jirani: Wangu ni ule wa duara la ukweli, dakika 10. Aliyeingia akashikwa hawezi kusema uongo. Lakini anajua kabisa kuwa kuna uchawi, na anaweza kunyamaza au kuzungukazunguka kwenye jibu. Simwekei neno mdomoni. Ule wa kutuliza hasira nao ninao, watu wakitaka kuchinjana nawapoza, wakipoa waongee wenyewe. Hizo mbili nikitumia nalala usingizi. Wa Doto nisingelala.

20:31 Doto: Wewe unamnyima mtu uongo wake, mimi namnyima dakika yake. Tunatofautiana bei tu

20:33 Kulwa: Hapana Doto. Angalia hata ule mdogo wa daraja la 1, wa kumfanya mtu akuone rafiki. Unadumu saa 1, na ukiisha mwenyewe anajua kuwa ulimfanyia. Kanuni zenyewe zinasema hivyo. Yaani waliotunga walijua kuna deni linabaki.

20:35 Doto: Kama tatizo ni kumbukumbu zake basi nimerudi kwenye kitabu. Kuna wa kubadilisha kumbukumbu, daraja la 5 pia. Unagusa tukio la ndani ya saa 24, lisilozidi dakika 10. Nampitia alfajiri, nafuta, anabaki na amani yake. Mfalme akimwuliza atasema hajui na atakuwa anasema kweli

20:36 Neema Nyegezi: 😳

20:36 Hamisi jirani: Astaghfirullah

20:37 Shija: Si mnaona. Huyu ndiye mwema wetu

20:37 Doto: Nimekosea nini?? Namwondolea maumivu

20:38 Shija: Na mimi pia uliniondolea maumivu ulipochukua ufunguo?

20:38 Kulwa: Shija lile la ufunguo nimeliweka ajenda ya pili.

20:39 Shija: Tulikaa wote kambini, chama kimoja, ukanifanyia ule wa saa 1, nikakuona rafiki yangu wa damu, nikakupa ufunguo nilioupigania. Ungeniomba tu

20:39 Doto: Ningekuomba ungekataa

20:40 Shija: Kwani kuombwa maana yake nini?

20:40 Shija: Kama ile pikipiki tu

20:41 Doto: Ujumbe huu umefutwa

20:41 Mama Kulwa: Pikipiki tuliimaliza Pasaka. Isitajwe humu.

20:42 Anko Masanja: Kwani bado iko Igoma?

20:42 Mama Kulwa: Masanja!

20:58 Kulwa: Tusitoke nje ya mada. Napendekeza hivi: uchawi wa akili kwa mhusika wa mwenzako ni marufuku mpaka umwulize mchezaji mwenyewe, kwa jina lake la nyumbani siyo la mchezoni. Akisema hapana, ni hapana, hatumwulizi sababu. Kwa hao wa kubuni, walinzi na wafanyabiashara, utumieni, lakini nitawafuata na matokeo. Mtu aliyerubuniwa ana mke, ana bosi, ana kisasi. Mjiandae. Nani anaunga mkono?

21:20 Kulwa: Nani anaunga mkono?

21:21 Hamisi jirani: Mimi 🖐🏾

21:47 Kulwa: Kimya hakihesabiki kuwa ndiyo jamani. Hilo ndilo tunalozungumzia.

IJUMAA

06:12 Babu: Wangaluka. Nimesoma. Mengine amenisomea mtoto wa jirani kwa sababu ya macho.

06:19 Babu: Mimi nilicheza ngoma zetu za Kisukuma, upande wa Bagika. Siku ya kushindana na Bagalu uwanja ni mmoja, kila upande na manju wake, na watu ndio mizani. Wakijaa kwako umeshinda. Tulikuwa na dawa ya kuvuta watu. Mwaka mmoja walikuja kwetu wote, Bagalu wakabaki wanajichezea. Tukabebwa mabegani. Usiku njiani manju wetu akaniuliza, wale walikuja kutuona au waliletwa? Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa na umri kama wa Shija.

06:24 Babu: Doto. Siku ya pikipiki nilikuwa nimekaa barazani. Shija alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili. Ulimsemesha mpaka giza likaingia. Hukuwa na uchawi wowote. Mrudishie pikipiki yake.

06:25 Babu: Kuhusu huyo mlinzi sijui sheria zenu. Ila ana mama yake.

06:51 Neema Nyegezi: Shikamoo babu

07:10 Mama Kulwa: Asante baba. Tumesikia.

07:33 Kulwa: Shikamoo babu. Tumesikia.

08:05 Hamisi jirani: Shikamoo mzee wangu.

09:48 Anko Masanja: 😂😂 "nimefikaje hapa"

09:48 Anko Masanja: Samahani, naona ya jana sasa hivi

11:26 Doto: Shikamoo babu. Nimesoma.

11:27 Babu: Marahaba.

12:15 Kulwa: Basi Jumamosi saa 8 iko pale pale. Nimesharudisha viti kwa babu. Chai na mihogo juu ya Hamisi. Doto unakuja?

13:02 Doto: Niache Mzee Nuru, nitengeneze mpiga mishale. Mishale hailaumiwi

13:03 Kulwa: Hapana! Hukumu nimeshaiandika kurasa 3. Mlinzi anasimamishwa mbele ya mfalme asubuhi. Hukimbii.

13:10 Doto: Basi nitasimama mimi. Nitasema lango nimefungua mimi, mikono yake niliiazima

13:14 Hamisi jirani: Mfalme atakuaminije? Kwenye nchi yenye uchawi huo kila mwizi atasema alitawaliwa. Na wewe watasema ni rafiki yake umekuja kujitoa mhanga.

13:16 Neema Nyegezi: Hamisi si una duara lako la ukweli

13:20 Hamisi jirani: Ninalo. Doto aingie, mlinzi aingie. Ila mlinzi simburuzi, namweleza kwanza ni kitu gani, akitaka kunyamaza anyamaze. Na akisema mbele ya wote kwamba Doto amemharibia maisha, Doto asilete hoja ya watoto 12.

13:22 Doto: Watoto 12 ni hoja lakini

13:22 Kulwa: Ni hoja. Utaitoa baada yake.

13:25 Doto: Na mfalme akigoma kusikiliza? Namtawala dakika 1 tu asikilize 😅

13:25 Kulwa: DOTO

13:25 Doto: Natania jamani

13:26 Hamisi jirani: Alikuwa hatanii

13:40 Kulwa: Shija hujajibu. Kanuni ya kuulizana unaikubali? Jumamosi upo?

15:17 Shija: Nitakuja kama itakuja

15:19 Kulwa: Nini?

15:19 Shija: Anajua

15:44 Doto: Iko Igoma kwa fundi. Anadai elfu 85, mnyororo na betri. Nina 40

15:45 Shija: Betri nani kaiua?

15:46 Doto: Shija nakuja nyumbani jioni tuongee

15:46 Shija: Tuongee hapa hapa. Ukija nyumbani utanisemesha

15:58 Mama Kulwa: Nitaongeza 20. Iliyobaki mtajua wenyewe.

16:03 Anko Masanja: Ningechangia lakini nimenunua wino

16:30 Shangazi Nansio: Habari zenu wanangu. Bando liliisha. Magunia yamekuwa mawili, moja la sato wakavu wa babu yenu. Meli ni hiyo hiyo ya kesho. Nimwandikie karani jina la nani atakayepokea?

16:31 Kulwa: Shikamoo shangazi. Andika Shija. Atakuwa na pikipiki.

16:32 Shija: Nani kasema?

16:33 Shangazi Nansio: Marahaba. Nimeandika Shija.

16:35 Shija: Dada Kulwa hukuniuliza

16:52 Kulwa: Nakuuliza sasa. Unaweza?

17:20 Mama Pendo: Samahani ndiyo naona. Mchezo ni kesho au Jumamosi ijayo?