Fundi nimeshamlipa, bado nampa na bakshishi?

MamaPacha

Habari zenu wadau. Nisaidieni kumaliza ubishi kati yangu na mama mkwe, maana nyumba haina amani tangu Jumanne.

Wiki hii wamepita mlangoni kwangu watu watano wa kazi, na hakuna hata mmoja niliyemuaga nikiwa na uhakika kwamba nimefanya sawa. Walianza wa bomba. Sinki la jikoni lilikuwa linarudisha maji, nikapatana na fundi kwa simu, vifaa na ufundi humo humo. Akaja na kijana wake. Kazi tuliyodhani ya saa moja ikala karibu saa nne nzima, kwa sababu bomba la chini lilikuwa limeshikana na ukuta. Ikabidi kijana alale chali ndani ya kabati, anagonga taratibu huku maji machafu yakimdondokea shingoni. Kilichotoka mwisho wa yote ni gurudumu la gari la kuchezea. Pacha mmoja kakana, wa pili naye kakana.

Nikalipa tulichopatana, kamili, papo hapo. Fundi akahesabu, akashukuru, akafunga mfuko wake wa spana. Halafu akasimama. Akaangalia sinki, akaniangalia mimi, akarudi kuangalia sinki. Kijana yuko nyuma yake anajifuta shingo kwa fulana. Nikaona aibu, nikasema "haya, karibuni tena", nikawafungulia mlango.

Hata haujarudi vizuri, mama mkwe ananiambia: "Umewatoa mikono mitupu." Mikono mitupu vipi na mtu nimemlipa? Anasema kulipa ni deni, asante ni jambo lake peke yake.

Kesho yake likaja friji. Wanaume wawili, lifti mbovu, ghorofa ya nne. Usafiri nilishalipia dukani, kwa hiyo niliwapa maji baridi. Mmoja akanywa. Mwenzake akasema "tunashukuru" kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia.

Jioni nikaagiza chakula kwa simu. Programu ikaniuliza nitampa mleta chakula bakshishi kiasi gani, vitufe vitatu hivi, na chakula chenyewe hakijapikwa! Namshukuru vipi mtu ambaye hata pikipiki hajawasha? Nikabonyeza kile cha chini kabisa kwa woga tu. Kumbe ungeweza kupita bila kuchagua, wameandika kwa herufi za kijivu, ndogo, pembeni kule.

Sina mkono wa birika, jamani. Nataka kujua tu naangalia nini: jasho, ngazi, au sura ya mtu? Na yule fundi alikuwa amesimama anasubiri nini kama si hela?

FundiWaya

Dada, mimi ni fundi umeme, huu mwaka wa kumi na tisa. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu limenichekesha peke yangu hapa nilipo. Alikuwa anasubiri ufungue maji!

Fundi anayejiheshimu haondoki kabla mwenye nyumba hajajaribu kazi kwa mkono wake. Mimi nikimaliza swichi nasimama hivyo hivyo kama nguzo. Nataka uwashe wewe, kwa kidole chako, taa iwake sote tukiiona. Vinginevyo usiku napigiwa simu kwamba nimeharibu. Wengine wetu tuna haya kumwambia mwenye nyumba "hebu jaribu", hasa akiwa mama wa heshima zake. Ulifungua bomba wakiwa pale?

Sasa kuhusu bakshishi. Bei yangu naipanga mwenyewe. Humo kuna nauli, kuna drili inayochakaa, kuna ile siku niliyokuja kuangalia tu bila kukutoza. Ukinilipa siku ile ile bila kunikata, tumemalizana na nakuombea heri. Ninayemwogopa ni yule tunayepatana vizuri, namaliza kazi, ndipo anaanza "punguza kidogo fundi wangu". Akishanikata robo, ananisindikiza na noti moja eti ya maji. Hiyo noti ni yangu mwenyewe, inarudi imevaa nguo mpya. Ukitaka kunifurahisha kweli, mpe jirani yako namba yangu.

Ila kwako kuna jambo. Kazi ya saa moja imekuwa ya saa nne, na fundi hakufungua mdomo. Wengi wangekwambia katikati kwamba kazi imeongezeka. Mimi ningekuwa wewe ningemuuliza, "Imeongezeka kiasi gani?" Hapo humpi bakshishi, unamlipa bei ya kazi aliyoikuta.

Kijana ana hesabu yake. Yeye hapangi bei, analipwa kwa siku, na siku haikui kazi ikirefuka. Mpe yeye, mkononi mwake, lakini mbele ya fundi wake. Usimvute pembeni. Nilishuhudia kijana akifukuzwa kwa sababu ya noti aliyopewa kwenye kona ya ngazi: bosi alidhani ameuza vifaa vya kazi, au anataka kumnyang'anya mteja. Kijana alieleza mpaka akachoka.

HelmetiNyeusi

Napeleka chakula na mizigo kwa pikipiki, kwa hiyo mimi ndiye yule wa kwenye kitufe.

Dada, kitufe kinakuja mapema kwa sababu kwenye programu nyingi dereva anaona, kabla ya kukubali safari, jumla atakayopata, au makadirio yake. Ukiweka kitu, safari yako inapata mtu haraka. Kwa hiyo hukukosea kuhisi kwamba hapo hakuna shukrani. Ule ni mnada. Wapo wateja wameshaujua mchezo: wanaweka bakshishi nono ili dereva akimbie, akishakabidhi tu wanaipunguza au wanaifuta. Imenipata mara mbili, na mara zote mbili nilipanda ngazi.

Mimi naomba ya mkononi, hata kidogo. Ya kwenye simu inapita njia ndefu. Marekani, mwaka 2021, Amazon ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 61 kumaliza madai ya tume ya serikali inayosimamia biashara, kwamba madereva wake wa Flex, wale wanaopeleka mizigo kwa magari yao wenyewe, hawakupewa bakshishi zao zote. Wateja walikuwa wameambiwa zinaenda kwa dereva asilimia mia. Sisemi kila kampuni iko hivyo, nasema noti ya mkononi haina mtu wa kati.

Na kuna mambo hayakugharimu hata senti. Pokea simu. Washa taa ya nje. Ukiweza shuka, nikutane nawe chini, kwa sababu nikipanda ghorofa nne pikipiki inabaki barabarani peke yake na mizigo ya watu wengine watatu. Mteja aliyeshuka na kanga yake kunipokea siku ya mvua namkumbuka kuliko aliyebonyeza kitufe.

Halafu hao wa friji, hebu angalia risiti imeandikwa nini. Mara nyingi usafiri unaishia mlango wa chini. Ngazi hazimo.

MzeeHesabu

Mnazunguka mbuyu. Popote bakshishi inapogeuka lazima, nyuma yake kuna mwajiri amejificha.

Marekani tunayoiga vitufe ilianzaje? Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kampuni ya Pullman ya mabehewa ya kulala iliajiri wanaume weusi, wengi wao waliokuwa watumwa, kwa mshahara mdogo, wakategemea huruma ya abiria. Kuachana na hali hiyo kulichukua miongo. Chama chao kiliundwa mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na mkataba wa kwanza na kampuni ukaja mwaka 1937. Halafu mwaka 1966 sheria ikawaruhusu waajiri kuhesabu bakshishi za mteja kama sehemu ya kima cha chini cha mshahara. Kiwango cha shirikisho ambacho mwajiri analazimika kumlipa mhudumu wa namna hiyo ni dola 2.13 kwa saa, na hakijaguswa tangu 1991. Yapo majimbo yanayolipa zaidi, lakini msingi ndio huo: mfanyakazi ni wake, mshahara ni wako wewe mteja.

Nendeni Japani muache noti mezani muone. Mhudumu atawakimbiza mtaani akidhani mmeisahau.

Mimi sitoi bakshishi. Nalipa bei iliyotajwa, sibishani, sicheleweshi. Mtu anastahili mshahara, hastahili kusoma uso wangu kama nimeamka vizuri.

HelmetiNyeusi

Mzee, shikamoo. Yote uliyosema ni kweli na nimejifunza. Lakini ukininyima mimi, mwajiri hapati ujumbe wowote. Naupata mimi, mlangoni kwako, nimelowa.

MzeeHesabu

Marahaba. Hapo umenikamata. Basi ya mvua nitatoa. Ya kitufe, sitoi mpaka nazikwa.

KaraniMstaafu

Nami niongeze moja, maana hamjaligusa. Mwenye sare ya serikali anayekuja kusoma mita, kukagua au kuleta barua asiingizwe kwenye hesabu hii. Hata huko Marekani anakosema Mzee, mleta barua wa posta haruhusiwi kupokea pesa taslimu kwa mteja kiasi chochote. Zawadi ndogo anaruhusiwa, mwisho wake dola 20 kwa mara moja.

Kiswahili chenyewe kinatuponza. Neno ni moja, "chai". Ukiitoa mtu ameshamaliza kazi na anaondoka, ni asante. Ukiitoa faili bado liko mezani kwake, ni rushwa, hata kama kiasi ni kile kile na tabasamu ni lile lile. Nilikaa nyuma ya meza miaka mingi, na sikuwahi kuona mtu akirudi kuniletea chai faili likiwa limeshatoka. Wote walinipenda kabla.

Ndiyo maana hata mimi kile kitufe cha mapema kinanikera. Kinanikumbusha kazini.

MamaPacha

Asanteni sana. Nimemsomea mama mkwe yote kwa sauti. Ya FundiWaya alitaka nirudie mara mbili, ile ya noti kuvaa nguo mpya. Ya Mzee amesema "huyo mkewe ana kazi".

Risiti ya friji nimeitafuta. Imeandikwa "hadi mlango wa jengo". Kwa hiyo wale wanaume walibeba friji ghorofa nne kwa hisani yao, mimi nikawapa glasi mbili za maji, na moja ilirudi imejaa. Nimepiga dukani kuuliza majina yao. Aliyepokea akauliza kwa ukali, "Wamevunja nini?" Nikamwambia hawajavunja kitu, nataka kuwatumia pesa ya kupandisha. Akanyamaza kidogo, akaniambia niitume kwake atawafikishia. Nikakumbuka mtu wa kati wa HelmetiNyeusi. Nimemwambia nitapita mwenyewe Jumamosi wakiwa wanapakia.

Sasa kuhusu fundi bomba. FundiWaya, uliponiuliza kama nilifungua maji wakiwa pale, moyo ulinipiga paa. Sikufungua. Nilikuwa na haraka ya kukwepa macho yao. Nimeenda kufungua kabati la chini, nikakuta sufuria zangu mbili zinaelea. Si maji mengi, ni tone, tone, kwenye kiungo kipya. Tangu Jumanne.

Nimempigia. Nilijiandaa kuwa mkali, kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyewafukuza. Nikamuuliza tu, fundi, siku ile ulisimama ukaniangalia, ulikuwa unasubiri nini?

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, nilikuwa nasubiri ufungue bomba, wewe ukafungua mlango."

Anakuja kesho asubuhi, bure, eti ni kukaza tu. Nimemwambia asije bure, na aje na yule kijana. Pesa ya kijana nimeiweka juu ya friji, pacha hawafiki huko.