MREJESHO: Namba 30 iliyokuwa haitokei kwenye paneli ya seva

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu seva ya IBM Power pale ofisini Kariakoo: taa ya njano inawaka, nataka anwani ya IP ya prosesa ya huduma (kile kikompyuta kidogo ndani ya seva kinachofuatilia hitilafu), lakini kila nikibonyeza mshale kwenye paneli ya mbele, namba 30 inayoonyesha anwani hiyo haitokei ng'o.

Aliyeniambia niangalie modi, ubarikiwe. Ilikuwa N, yaani ya kawaida. Nikaenda namba 02, ya kubadilisha modi, nikabonyeza kitufe cha kuthibitisha, nikabadilisha N kuwa M, yaani "manual", ya kuendesha kwa mkono. Kurudi kwenye mishale, 30 hiyo hapo! Kuingia 3000, kipengele kilicho ndani ya 30, anwani ikajitokeza. Nikachomeka waya wa mtandao kwenye laptopu, nikafungua kivinjari, kumbukumbu za hitilafu zote mezani. Kosa lilikuwa feni moja, imejaa vumbi hadi imegoma. Chumba chetu hicho, dirisha linatazama barabara, nani wa kulaumiwa?

Ule msimbo wa hitilafu wa herufi nane unaoonekana kwenye namba 11 ya paneli niliupiga picha kwanza, fundi akauomba kabla hata ya salamu.

Feni mpya imefungwa jana, taa imezimika. Ila nilisahau kurudisha N. Bosi kapita, kauliza, "Hiyo M ni nini?" Nikamjibu, "Matengenezo, mzee."